Kabati la dawa za mitishamba: nibakize nini, nitupe nini?

Shikamoo Shangazi,

Pole na kazi. Mimi ni mama wa watoto wawili. Mkubwa ana miaka 6, mdogo ana miezi 8 na bado ananyonya. Tunaishi na mama mkwe wangu, ambaye ana tatizo la moyo. Anameza dawa za presha pamoja na warfarin, ile ya kuzuia damu isigande, na kila baada ya muda anaenda kliniki kupimwa damu.

Napenda sana dawa za mitishamba. Nilianza na tangawizi na asali tu, lakini sasa kabati lililo juu ya jiko limejaa hadi mlango haufungi. Nina mafuta ya karafuu, mafuta ya mkaratusi, habasoda, uwatu, urukususu, majani makavu ya mnanaa, tangawizi ya unga, na unga wa aina tatu ambao sikumbuki ni wa nini. Kuna mizizi kwenye mfuko wa plastiki ambayo imeanza kuota madoa ya kijivu. Pia kuna kopo nililoletewa na mtu tunayefahamiana, mchanganyiko wa "mimea saba". Alisema unatibu mgongo, sukari, presha na nguvu za kiume. Mama mkwe amekuwa akiutumia kwa wiki kadhaa na anasema magoti yamepoa kabisa, hata ngazi anapanda bila kushika ukuta.

Wiki iliyopita mdogo alipata kikohozi. Mama mkwe akataka kumlambisha asali iliyopondewa kitunguu saumu. Nilisita, maana niliwahi kusikia asali haifai kwa mtoto mchanga, lakini sikuwa na hoja ya kumpa. Kwangu yeye ni kama mama, amelea watoto sita na wote wazima. Nikasingizia kwamba mtoto amelala. Mume wangu naye anasema suluhisho ni kutupa kila kitu na kubaki na vidonge vya dukani.

Sitaki kutupa kila kitu, Shangazi. Nataka kabati dogo, safi, ambalo naweza kulieleza. Niweke nini? Vinakaa muda gani? Na nimwambieje mama bila kumvunjia heshima?

Mama wa Wawili

*

Marahaba mwanangu,

Kabla ya kugusa mnanaa wala asali, chukua lile kopo la mimea saba. Mama aliache leo, na wewe usilitupe. Lifunge vizuri, kisha leo hiihii mpigie daktari wake au umpeleke kliniki na kopo mkononi, bila kungoja siku yake ya kupimwa. Wakaguzi wa dawa katika nchi mbalimbali wamewahi kukuta unga unaoitwa wa mitishamba umechanganywa na dawa za hospitali bila kuandikwa popote: dawa kali za maumivu, steroidi (dawa kali za kutuliza uvimbe) kama deksamethasoni, na kwenye zile za nguvu za kiume, sildenafil. Siwezi kujua kilichomo kwenye kopo lako. Ila magoti ya mzee yanayopoa ghafla hivyo kwa unga usio na jina ni jambo la kumfikisha kwa daktari.

Kwa mtu anayemeza warfarin hilo ni zito. Dawa nyingi za maumivu, zikikutana na warfarin, zinaweza kusababisha damu kuvuja tumboni bila mtu kuhisi kitu mwanzoni. Muulize mama kama fizi zinatoa damu anapopiga mswaki, kama anapata michubuko bila kujigonga, kama choo kimekuwa cheusi kama lami. Jibu likiwa ndiyo kwa lolote kati ya hayo, mwende hospitali sasa hivi. Na hata kama ni hapana kwa yote, daktari lazima ajue ameutumia kwa wiki ngapi, kwa sababu mwili uliozoea steroidi haupaswi kukatiziwa ghafla bila usimamizi.

Sasa asali. Ulisita vizuri, na hoja yako ni hii: asali inaweza kubeba mbegu za bakteria aitwaye Clostridium botulinum, ambaye makazi yake ni udongoni. Tumbo la mtu mzima, au la mtoto aliyevuka mwaka, lina wakazi wake wa kutosha kuzizuia mbegu hizo zisichipue. Tumbo la mtoto wa miezi 8 bado halijawa na ulinzi huo. Zikichipua humo hutoa sumu inayolegeza misuli. Mtoto huanza kwa kukosa choo, kisha kilio kinakuwa dhaifu, ananyonya kwa shida, shingo inalegea, na mwisho hata misuli ya kupumulia inaweza kushindwa kazi. Kuchemsha asali jikoni hakuziui mbegu hizo. Kwa hiyo hakuna kuonja, hakuna kupaka kwenye ulimi, hakuna kuichanganya kwenye uji, mpaka atimize miezi 12.

Mama atakuambia amewalea sita. Mkubalie, maana anasema kweli. Si kila asali ina mbegu hizo, na watoto wengi walilambishwa wasipatwe na kitu. Unachomwomba ni kutobahatisha kwa huyu mmoja. Mwambie mkiwa wawili tu, si mbele ya mwanawe: "Mama, nimeuliza kuhusu asali. Wanasema mpaka atimize mwaka. Naomba tumvumilie miezi minne iliyobaki, kisha wewe ndiye utakayemlambisha ya kwanza." Halafu mpe kazi ya kweli. Mtoto wa miaka 6 akikohoa usiku, bibi ndiye ampe asali yake: nusu kijiko cha chai hadi kijiko kizima, kabla ya kulala. Kwa kikohozi cha mafua hiyo ni dawa nzuri, na mashirika ya afya yanaikubali. Naamini hatachukia. Wazee wengi hukasirishwa na kunyang'anywa nafasi yao kuliko na kuambiwa jambo jipya.

Kwa huyo mdogo, dawa ya kikohozi ni kunyonya mara nyingi zaidi, matone ya maji ya chumvi ya duka la dawa kwenye pua iliyoziba, na jicho lako. Akiwa ametulia, mfunue kifua na uhesabu pumzi kwa dakika nzima. Mtoto wa miezi 2 hadi 12 akifikisha pumzi 50 au zaidi kwa dakika, au sehemu ya chini ya kifua ikibonyea ndani anapovuta hewa, usimtafutie dawa ya kumpa nyumbani. Mpeleke hospitali. Kitunguu saumu kibichi nacho usimpe, na asifungiwe kifuani wala miguuni, kwa sababu kinaunguza ngozi ya mtoto kiasi cha kutoa malengelenge.

Tuje kwenye kusafisha kabati. Toa vyote, panga mezani mchana kwenye mwanga. Unga wa aina tatu usiojua ni wa nini, tupa. Usijaribu kuunusa na kukisia. Mizizi yenye madoa ya kijivu, tupa mfuko mzima, si ile iliyooza tu, kwa sababu ukungu huenea mbali kuliko jicho linavyoona, na baadhi ya sumu zake haziondoki kwa kuchemshwa. Mafuta ya karafuu na ya mkaratusi sikuambii utupe, lakini yaondoke hapo leo, yaingie kwenye sanduku lenye kufuli. Kijiko kimoja au viwili vya chai vya mafuta ya karafuu vimewahi kumfikisha mtoto mdogo kwenye kupoteza fahamu na kuharibika ini. Ya mkaratusi yakimezwa huleta degedege. Mafuta haya hayana uhusiano na kikombe cha chai ya karafuu. Ni mmea mwingi uliokamuliwa ukakaa kwenye chupa ndogo. Na usiyapake puani wala kifuani kwa huyo wa miezi 8, hata tone moja.

Urukususu uondoke kabisa maadamu mama anaishi humo. Mzizi huo huufanya mwili ushikilie chumvi na kupoteza potasiamu, presha inapanda, na kwa mwenye moyo mbovu anayetumia dawa hilo ni hatari ya wazi. Uwatu hushusha sukari, habasoda inaweza kushusha presha. Si vibaya vyenyewe, lakini kwa mama visitumike kama tiba mpaka daktari wake aseme. Tangawizi, manjano na kitunguu saumu kwa kiasi cha kuungia chakula kwa kawaida havimletei shida. Shida huanza vinapogeuka dawa: unga unaopimwa kwa vijiko, vidonge, chai nzito kila asubuhi. Hapo vinaweza kuongeza nguvu ya warfarin, na vipimo vyake vya damu vikayumba bila daktari kuelewa sababu.

Mumeo ana hofu yenye msingi, lakini kutupa kila kitu hakutamaliza jambo. Watu wataendelea kuleta vifurushi na mama ataendelea kutafuta nafuu ya magoti. Kinachotakiwa ni kabati lenye mipaka. Mpaka wangu mimi ni huu: mitishamba ya nyumbani ni kwa maradhi yanayoisha yenyewe ndani ya siku chache, ambayo unataka tu yapite kwa urahisi. Mafua, koo kuwasha, gesi, kichefuchefu cha safari, kuungua kidogo. Presha, sukari, malaria, kifua cha muda mrefu, vyote hivyo havina chupa kwenye kabati lako. Hata pale ambapo dawa kweli imetoka kwenye mmea, jani halitoshi. Tu Youyou wa China alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kazi iliyoleta artemisinini kutoka kwenye mmea wa Artemisia annua, na dawa hiyo imeokoa watu wengi sana. Lakini Shirika la Afya Duniani halipendekezi chai ya mmea huohuo kwa malaria, kwa sababu kiasi cha dawa kwenye majani hubadilika na mara nyingi hakitoshi kuua vimelea.

Ndani ya mpaka huo, vitu sita vinakutosha.

Tangawizi ndiyo ningeanza nayo. Inasaidia kichefuchefu, na kati ya mimea ya nyumbani ni mmoja wa waliochunguzwa vizuri kwa jambo hilo. Mbichi ni bora kuliko unga uliokaa: vipande vichache vyembamba kwenye kikombe cha maji, chemsha taratibu kwa dakika 10 hivi. Mnanaa ni wa gesi na tumbo linalosokota. Ila mwenye kiungulia asinywe, kwa sababu hulegeza mlango wa juu wa tumbo na tindikali ikapanda zaidi. Asali umeshaisikia. Karafuu nzima, si mafuta, kwa jino la mtu mzima linalouma usiku: anaweka moja kando ya jino, anaibana taratibu mpaka ganzi ije, na kesho yake anakwenda kwa daktari wa meno, maana karafuu inatuliza maumivu tu, jino linabaki na shida yake. Maua makavu ya kamomili kwa anayeshindwa kutulia jioni, isipokuwa mwenye mzio wa mimea ya ukoo wa alizeti, na isipokuwa mama, kwa sababu ya ile warfarin. Na chumvi ya kawaida kwa koo: nusu kijiko cha chai kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu, mtu mzima na mtoto wa miaka 6 anayejua kutema wanasukutua.

Mshubiri hauhitaji chupa. Panda mmoja kwenye kopo dirishani. Mtu akiungua kidogo, kwanza maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20. Si barafu, si dawa ya meno, si mafuta ya kupikia. Baadaye kata jani, lisimamishe kwenye glasi mpaka ule utomvu wa njano uchuruzike wote, ndipo umenye na kupaka ute mweupe wa katikati. Utomvu huo wa njano unaharisha vibaya. Marekani iliuondoa kwenye dawa za kulainisha choo zinazouzwa bila cheti cha daktari mwaka 2002. Kwa hiyo mshubiri ni wa ngozi, si wa kunywa.

Uliuliza vinakaa muda gani. Majani na maua yaliyokaushwa vizuri, mwaka mmoja. Mizizi, magome na karafuu nzima, miaka miwili hivi. Unga ni miezi michache tu, kwa sababu kila chembe imeshafunguliwa kwa hewa, na ndiyo maana nakushauri ununue vizima na kusaga unapohitaji. Lakini kalenda peke yake haitoshi. Chukua jani la mnanaa, lisugue kati ya vidole, linuse. Kama halinukii mnanaa, halina kazi tena hata kama mwaka haujaisha. Kama limepoteza ukijani na kuwa kahawia, vivyo hivyo.

Na hapo juu ya jiko hapafai kabisa. Kila ukipika, mvuke na joto vinapanda moja kwa moja kwenye dawa zako. Pengine ndiyo sababu ile mizizi imeota ukungu. Tafuta mahali pakavu, penye giza, pasipo na joto, na juu kuliko mkono wa mtoto wa miaka 6 akiwa amesimama kwenye kiti. Tumia vyombo vya kioo vyenye mfuniko unaobana. Ukikausha mwenyewe, kausha kivulini penye upepo mpaka jani livunjike kwa mlio na kikonyo kikatike bila kujikunja. Baada ya kufunga chombo, kitazame kwa siku tatu nne za mwanzo. Ukiona ukungu wa maji ndani ya kioo, majani hayajakauka; yatoe yote uyaanike upya siku hiyohiyo.

Kwenye lebo watu wengi huandika jina na kuishia hapo. Wewe andika jina la mmea, sehemu gani ya mmea, tarehe uliyouweka, kiasi cha kutumia, na chini yake kwa kalamu nyekundu nani hapaswi kuutumia. Mfano: "Kamomili, maua. Kijiko 1 cha chai kwa kikombe. SI KWA BIBI." Lebo hiyo siku moja itasomwa na mumeo saa nane za usiku wewe ukiwa haupo. Na kifurushi chochote kitakacholetwa na mgeni bila jina la mmea, pokea kwa shukrani lakini kisiingie kabatini.

Kuhusu kutengeneza, majani na maua usiyachemshe. Maji yachemke, uyamimine juu yake, kisha funika kikombe dakika 5 hadi 10. Kufunika si mapambo: kile kinachonukia kwenye mnanaa na kamomili ndicho kinachofanya kazi, na kinapaa na mvuke. Mizizi na magome ndiyo yachemshwe. Chai iliyobaki inywewe siku hiyo, au ikae kwenye friji isizidi saa 24. Na usiloweke kitunguu saumu kwenye mafuta ukakiacha kabatini, kwa sababu yule bakteria wa asali hupenda sana mahali pasipo na hewa kama hapo. Kujifukiza nako, mtoto asihusike. Watoto wengi huungua kwa bakuli la maji ya moto lililopinduka.

Upande mmoja wa kabati weka visivyo mitishamba: kipimajoto, bandeji safi, paracetamol pamoja na kijiko chake cha kupimia, na pakiti za chumvichumvi za kuongeza maji mwilini kwa anayeharisha. Hizo pakiti zina thamani kuliko mmea wowote niliokutajia. Zikiisha, lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chai cha chumvi, navyo visawazishwe kwa kisu. Usizidishe chumvi hata kidogo. Mdogo aendelee kunyonya wakati huohuo.

Nyuma ya mlango wa kabati bandika karatasi yenye dawa zote anazomeza mama na namba ya simu ya kliniki yake, pamoja na mambo ambayo yakitokea hakuna anayefungua kabati bali mnaondoka: mtoto anayeshindwa kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, degedege, pumzi za haraka, damu kwenye choo, usingizi asioamshika, homa inayoambatana na shingo ngumu. Homa yoyote ambayo hujui chanzo chake ipimwe, usiibembeleze kwa chai. Kikohozi cha mtu yeyote humo ndani kikipita wiki mbili, kipimwe kifua kikuu.

Mkitoka kliniki na lile kopo, niandikie uniambie daktari amesema nini kuhusu magoti ya mama. Anastahili nafuu ya magoti, na kuna dawa za maumivu ambazo daktari anaweza kumchagulia bila kugombana na warfarin yake.

Shangazi